Pesa Imekwama Njiani? Mambo Sita ya Kujifunza Kutoka kwa Mfumo Mkongwe wa Kompyuta

Tuseme mnunuzi wa mifugo amefika Sericho, Isiolo Kusini, na ameshaelewana bei na mfugaji: mbuzi watatu, shilingi 15,000. Lori la kurudi Isiolo mjini liko tayari na utingo anapakia. Mnunuzi anaweka PIN, anabonyeza kutuma, halafu mtandao unapotea. Simu yake haisemi imeenda wala imekataa. Simu ya mfugaji iko kimya. Dereva anapiga honi. Je, atume tena?

Swali hili tunaulizwa sana, hasa na wateja wanaoishi mbali na minara ya mtandao. Jibu letu fupi ni hapana, asitume tena kwa sasa. Jibu refu ndilo makala haya. Ili tulieleze vizuri, tutakupeleka ndani kidogo, mahali ambapo mteja kwa kawaida hapaoni: kwenye hifadhidata, lile daftari kubwa la kompyuta linaloandika nani ana shilingi ngapi. Tutatumia mfano wa mfumo mmoja mkongwe uitwao MUMPS. Makosa yake yanajulikana vizuri, na mafundi waliohangaika nayo wameacha mafunzo ambayo hata wewe mwenye kabambe unaweza kuyatumia leo.

MUMPS ni nini?

Jina lenyewe linachekesha. Kwa Kiingereza, mumps ni ule ugonjwa wa matubwitubwi unaovimbisha mashavu ya watoto. Lakini hapa ni kifupi cha jina refu la mfumo uliotengenezwa katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, Marekani, kati ya 1966 na 1967. Neil Pappalardo na wenzake, katika maabara ya daktari Octo Barnett, walitaka kompyuta moja ndogo ihudumie wahudumu wengi wa hospitali kwa wakati mmoja, kila mmoja akiandika kwenye rekodi za wagonjwa bila kuharibu kazi ya mwenzake.

MUMPS ni vitu viwili kwa pamoja: lugha ya kuandikia programu, na hifadhidata yenyewe. Ukiandika jina lenye alama ya ^ mbele, kwa mfano ^AKAUNTI, unachoweka humo kinaingia moja kwa moja kwenye daftari na hakipotei programu inapofungwa. Amri zake ni fupi mno. SET, yaani weka, unaweza kuiandika S tu. KILL, yaani futa, ni K. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu finyu, kwa hivyo kila herufi ilihesabiwa.

Usidhani mfumo huu umekufa. Hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zimeendeshwa kwa miongo mingi na mfumo wa VistA, ulioandikwa kwa MUMPS. Nchi ya Jordan iliichukua VistA hiyo hiyo kwa mpango wake wa afya uitwao Hakeem, ulioanza 2009. Upande wa pesa, kuna mfumo wa benki uitwao Profile unaotumia aina ya MUMPS iitwayo GT.M. Hospitali na benki zinafanana kwa jambo moja: huwezi kufunga milango miezi sita ili ujenge daftari jipya. Kwa hivyo vijana wa leo wanajikuta wakirekebisha programu zilizoandikwa kabla hawajazaliwa.

Pesa za simu zilikuja baadaye sana. M-Pesa ilizinduliwa Kenya tarehe 6 Machi 2007, miaka 40 hivi baada ya MUMPS, na kwa teknolojia nyingine. Nayo imeshawahi kuhama nyumba: hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani, ndipo huduma ikahamishiwa Kenya kwenye mfumo mpya. Lugha hubadilika na mashine hubadilika, lakini matatizo ya daftari la pesa hayabadiliki sana. Haya hapa sita.

1. Kukosa jibu si sawa na sifuri

Katika MUMPS, programu ikiuliza thamani ya kitu ambacho hakijawahi kuandikwa, inasimama na kutoa kosa maarufu la UNDEFINED, yaani kitu hicho hakipo. Mwanaprogramu mwenye haraka hulinyamazisha kosa hilo kwa kutumia $GET, ambayo inampa jibu tupu. Shida ni kwamba MUMPS ikilazimika kupiga hesabu kwa jibu tupu, inalichukua kuwa 0. Ghafla akaunti ambayo haikupatikana inaonekana kama akaunti yenye salio sifuri. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Ndiyo maana mafundi wa siku nyingi wanashauri: kwanza uliza kwa $DATA kama kitu kipo, kisha ndipo uulize kina kiasi gani.

Kwako wewe, funzo ni hili. Muamala una hali tatu, si mbili. Kuna umeenda, kuna umekataliwa, na kuna haijulikani. Simu ikinyamaza, uko kwenye hali ya tatu. Hasara nyingi huanza pale mtu anapoichukulia hali ya tatu kama ya pili na kutuma tena. Ikiwa ule wa kwanza ulikuwa umefika, mnunuzi wetu amelipa 30,000 kwa mbuzi watatu. Na mfugaji akishahamia malisho mengine, kumfuata umdai hiyo 15,000 ya ziada ni safari ya siku kadhaa.

Kuna jambo la kiufundi hapa. Menyu ya kubonyeza nyota na reli ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu yako na mfumo. Mtandao ukikatika, mazungumzo yanakatika, lakini ombi lililokwisha kufika kwenye seva linaendelea kushughulikiwa. Ujumbe wa kuthibitisha husafiri kwa njia tofauti, ya SMS. SMS huwekwa na mtandao hadi simu yako ipatikane. Kwa hivyo pesa inaweza kuwa imefika dakika nyingi kabla ya ujumbe kufika.

2. Muamala ni wote, au si kitu

Kutuma pesa ni kazi mbili: kupunguza huku, kuongeza kule. Hebu fikiria stima inapotea katikati. Mnunuzi amekatwa 15,000, mfugaji hajaongezewa. Pesa imeyeyuka!

MUMPS ya zamani ilimwachia mwanaprogramu ajikinge mwenyewe. Baadaye ziliongezwa amri za kufunga kazi mbili pamoja:

TSTART
SET ^AKAUNTI("mnunuzi")=^AKAUNTI("mnunuzi")-15000
SET ^AKAUNTI("mfugaji")=^AKAUNTI("mfugaji")+15000
TCOMMIT

TSTART inasema "tunaanza", TCOMMIT inasema "sasa iandikwe yote". Kitu kikiharibika kabla ya TCOMMIT, mfumo unarudisha hali ilivyokuwa mwanzo, kana kwamba hakuna kilichofanyika. Fundi anayetafuta pesa iliyopotea katika mfumo mkongwe huanza hapa: anatafuta mahali ambapo mtu alisahau kuzifunga kazi hizi mbili pamoja.

Kwako: ukiona salio limepungua na mpokeaji anasema hajapata, usikimbilie kusema umeibiwa. Chukua kodi ya muamala. Kodi hiyo ndiyo inayomwezesha mhudumu wetu kuona kama kazi zote mbili zilikamilika, na kama pesa iliingia kwenye namba gani. Bila kodi, tunatafuta sindano kwenye mchanga.

3. Kufuli ni kama zamu ya kisimani

Waborana wanalijua hili bila kufundishwa kompyuta. Kisimani kuna aba erega, msimamizi wa zamu, anayepanga mifugo ya nani inywe lini. Bila zamu, makundi mawili yanaingia pamoja, maji yanachafuka, na watu wanagombana.

Kwenye hifadhidata, zamu hiyo inaitwa LOCK, yaani kufuli. Tuseme akaunti ina 20,000. Programu ya kwanza inasoma 20,000 ili itoe 15,000. Kabla haijaandika, programu ya pili nayo inasoma 20,000 ili itoe 8,000. Ya kwanza inaandika salio 5,000. Ya pili inaandika juu yake 12,000. Jumla ya 23,000 imetoka kwenye akaunti ya 20,000, na daftari linasema imebaki 12,000!

Mafundi wa MUMPS wana tahadhari tatu kuhusu kufuli. Kwanza, ni kufuli la heshima: haimzuii programu asiyeuliza zamu. Programu moja ikipuuza LOCK, kazi ya wengine wote inaharibika, sawa na mtu mmoja anayeingiza ng'ombe kisimani bila kumwuliza aba erega. Pili, ukiandika LOCK bila alama ya +, unaachilia kufuli zote ulizokuwa umeshika hapo awali. Alama moja tu, na milango yote iko wazi. Tatu, ukiweka muda wa kusubiri, tuseme sekunde 5, na zamu isipatikane, programu haisimami. Inaendelea mbele bila kufuli, isipokuwa mwandishi wake amekumbuka kuangalia $TEST, inayosema kama zamu ilipatikana au la.

Kwako: laini moja, mkono mmoja. Kama duka lenu lina wafanyakazi wawili wanaotumia laini hiyo hiyo, wapangiane zamu. Usitume kwa menyu huku umefungua programu ya simu kando kufanya muamala uleule kwa sababu "hii inachelewa". Hapo umejitengenezea foleni mbili kwenye kisima kimoja.

4. Koma moja, hasara kubwa

MUMPS haitofautishi maneno na namba. Ukiipa maandishi ikayafanyie hesabu, inasoma kutoka kushoto hadi inapokutana na kitu kisicho namba, halafu inaacha. Kwa hivyo "12 mbuzi" ukijumlisha 3 unapata 15. Poa. Lakini "1,500" inasomwa kuwa 1, kwa sababu koma imeikatisha. Na "KSh 1500" inasomwa 0, kwa kuwa imeanza na herufi. Hakuna onyo lolote.

Pia inapiga hesabu kutoka kushoto kwenda kulia bila kujali kuzidisha huja kwanza. Chukua usafiri shilingi 1,000 na mbuzi watatu wa 5,000 kila mmoja. Jibu la shuleni ni 16,000. Ukiiandikia MUMPS 1000+3*5000, inajumlisha kwanza, inapata 1003, kisha inazidisha. Jibu linakuwa 5,015,000. Dawa ni mabano: 1000+(3*5000). Fundi akikuta malipo ya ajabu katika programu ya zamani, mabano ni mojawapo ya vitu vya kwanza anavyokagua.

Kwako: andika kiasi kwa tarakimu tupu, bila koma wala herufi. Kisha hesabu sifuri kabla ya kuweka PIN, kwa sababu 1500 na 15000 zinafanana sana kwenye skrini ndogo juani. Na elewaneni mapema nani analipa ada ya kutoa. Mfugaji aliyeahidiwa 15,000 mkononi atakapofika kwa wakala akapata pungufu, ataona amedanganywa, ilhali hakuna aliyekosea ila hesabu haikuwekewa mabano tangu mwanzo.

5. Saa ngapi, na siku gani?

MUMPS huhesabu tarehe kwa namba moja: siku ngapi zimepita tangu tarehe 31 Desemba 1840. Kwa hesabu hiyo, siku M-Pesa ilipozinduliwa ni siku ya 60695. Baada ya namba ya siku inafuata koma, halafu idadi ya sekunde tangu saa sita usiku. Zote mbili zinakaa pamoja kwenye kitu kiitwacho $HOROLOG.

Kosa la kawaida ni programu kuiuliza $HOROLOG mara mbili: mara ya kwanza kuchukua siku, mara ya pili kuchukua sekunde. Saa sita usiku ikipita katikati ya maswali hayo mawili, programu inachukua siku ya jana na saa ya leo. Muamala unaandikwa kana kwamba ulifanyika karibu siku nzima kabla. Kosa hili linatokea mara chache, tena usiku wa manane tu, ndiyo maana ni gumu kulikamata. Dawa ni kuuliza mara moja, kuhifadhi jibu, kisha kuligawa.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Ukisema ulituma "saa mbili usiku", mfumo umeandika 20:00, si 2:00. Na ukisema "usiku wa Ijumaa", kuna watu wengi, hasa katika jamii za Kiislamu kama za Sericho, ambao wataelewa ni Alhamisi baada ya magharibi. Mhudumu aliyekaa Nairobi anaweza kufungua ukurasa wa siku nyingine kabisa na kukuambia haoni kitu. Kwa hivyo unapolalamika, soma tarehe na saa kama zilivyoandikwa kwenye ujumbe, neno kwa neno. Kama huna ujumbe, taja tarehe, si jina la usiku.

6. Kufuta hakuulizi mara mbili

KILL ^AKAUNTI(123) inafuta akaunti hiyo na kila kilicho chini yake: jina, salio, historia yote. KILL ikiandikwa peke yake, bila kutajiwa kitu, inafuta kila thamani ambayo programu ilikuwa imeishika kwa muda. MUMPS haikuulizi "una uhakika?" Kwa sababu hii mafundi wana mazoea mawili: hujaribu marekebisho kwenye nakala kwanza, na huweka jarida, yaani kumbukumbu ya kila badiliko lililofanywa, ili wakikosea waweze kurudi nyuma.

Jarida lako wewe ni ujumbe wa kuthibitisha. Watu hufuta SMS ili kupata nafasi, kisha wiki mbili baadaye mzozo unatokea na hawana cha kuonyesha. Usifute ujumbe wa malipo hadi biashara iishe kabisa. Kama simu imejaa, andika kodi, kiasi na tarehe kwenye daftari. Wakala makini hufanya hivyo kila siku.

Basi ukikwama, fuata hatua hizi

1. Tulia. Usitume tena, hata kama dereva anapiga honi.

2. Sogea mahali penye mtandao, zima simu na uiwashe. Ujumbe uliokuwa ukisubiri utaingia.

3. Angalia salio lako. Kama halijapungua, angalia pia taarifa fupi ya miamala ya mwisho, kwa sababu inawezekana pesa nyingine iliingia wakati huo huo ikakuchanganya.

4. Mpokeaji naye aangalie salio lake mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe. Mwenye mbuzi asikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala asitegemee SMS tu. Wakora hutuma SMS za uongo zinazofanana sana na zetu. Salio halidanganyi.

5. Kama muamala haupo kwenye taarifa na salio halijapungua, hapo sasa unaweza kutuma upya.

6. Kama umetuma kwa namba isiyo sahihi, wasiliana nasi mara moja kupitia namba rasmi ukiwa na kodi ya muamala. Haraka ni muhimu: pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha kunakuwa kugumu mno.

7. Mtu akikupigia kusema amekutumia pesa kimakosa na anataka umrudishie, usitume kutoka mfukoni mwako. Mwelekeze aombe kurejeshewa kupitia huduma kwa wateja. Kama pesa ni yake kweli, njia hiyo itamtosha.

8. PIN yako haitakiwi na mhudumu yeyote, kwa sababu yoyote. Anayeiomba si wetu.

Na kwa kijana anayesoma kompyuta

Tunajua kuna vijana kutoka Garbatulla, Kinna na Sericho wanaosomea programu vyuoni na kudhani kila kitu cha zamani ni cha kutupwa. Mifumo mikongwe bado ina kazi, na wanaoielewa wanazidi kupungua. GT.M inapatikana bure kwenye Linux tangu 2000, na kuna ndugu yake aitwaye YottaDB. Ukiipata, andika WRITE 1000+3*5000 ubonyeze. Ukishaona 5015000 imejitokeza mbele yako, hutasahau tena kuweka mabano, hata kwenye lugha nyingine.

Na kama wewe si mwanaprogramu, msomee makala haya wakala wa karibu nawe, kisha mkubaliane jambo moja: mtandao ukipotea katikati ya malipo, hakuna anayetuma tena na hakuna mbuzi anayepanda lori mpaka salio lionekane.